Nguzo Mbichi

Endamarariek, Septemba 1989

Paulina mwanangu,

Mambo ya sweta, mafuta ya taa na maji ya kuchemsha mama yako ameyamaliza, na ameyasema mara tatu ili usije ukasingizia kusahau. Mimi sina la kuongeza hapo. Huko Olbalbal unakokwenda kuanza kazi ya mifugo nimefika mara nne kwa kazi yangu, na kila mara nilirudi na vumbi masikioni, nikiwa nimekosea jambo moja au mawili kuhusu wenyeji. Utajionea mwenyewe.

Ni mchana. Wewe uko Karatu unanunua begi, nami nimekaa juu ya gogo karibu na banda la ndama, kwa sababu kutoka hapa naona kitu ninachotaka kukueleza. Ni ule ua wa upande wa korongo. Wewe unaujua kama safu ya miti minene kama paja la mtu, ambayo ulikuwa ukikaa chini yake kusoma. Mimi naujua kwa namna nyingine. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka ishirini na miwili. Nimewauliza watu wengi jambo lilitokea lini, wapi, na nani alikuwepo. Habari ya ua huu sijawahi kuiandika. Leo naiandika kwa sababu Jumapili iliyopita ulisema neno moja mbele ya katibu wa kijiji, na neno hilo limeingia kwenye daftari lake.

Unakumbuka ilivyokuwa. Katibu alikuja na wajumbe wawili, wanapita shamba kwa shamba kuandika mipaka, ili kamati ikae Alhamisi na kuipitisha. Mjomba wako Bura alikuwa amesimama upande wake ameegemea fimbo. Katibu akaunyooshea ua kalamu.

"Mzee, miti hii imekaa hapa tangu lini?"

Kabla sijafungua mdomo wewe ukasema, "Hii? Mimi nimezaliwa nimeikuta."

Katibu akacheka, akasema binti msomi kama huyu atadanganya nini, akaandika. Mjomba Bura alikutazama wewe. Mimi hakunitazama. Akasema, "Mtoto amesema," akageuka akaenda zake pole pole na lile goti lake.

Mimi nilinyamaza, na nafasi ya kusema ilikuwepo. Katibu alifunga daftari, akaomba maji, mama yako akaenda kuyaleta, akanywa, akarudisha kikombe, akasifia ndama. Muda wote huo nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Wewe hukudanganya. Ulikuwa na miaka mitano ua ule uliposimamishwa, na mtoto wa umri huo kila anachokikuta huona kilikuwepo siku zote. Uongo ni wangu, na una miaka kumi na mitano.

Mwaka huo wa sabini na nne watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini, na sisi tukapewa eka tatu hapa. Unajua mimi si mtu wa huku. Babu yako alitoka Iramba kuja kupalilia kahawa kwenye mashamba ya walowezi, nikakulia kambini, mtoto wa kibarua, kwenye nyumba ambayo hata msumari wa kutundikia koti haukuwa wetu. Nilipomwoa mama yako nikawa shemeji wa nusu ya kijiji. Bura ni mtoto wa baba mdogo wa mama yako. Ndiye aliyetuombea kiwanja karibu na chake, na ndiye aliyenionyesha mahali ambapo maji ya mvua hayatuami, nikajenga hapo.

Kati ya shamba letu na korongo kulikuwa na mapito ya ng'ombe, mapana hatua ishirini, yakishuka kutoka kwa Bura juu kwenda mtoni na kwenye ule udongo wa chumvi ambao ng'ombe huulamba. Hayakuwa ya mtu. Zamani yalitumiwa na nyumba nyingi, lakini baada ya watu kuhamishiwa upande wa barabara, aliyebaki kuyatumia kila siku alikuwa Bura peke yake.

Mwaka huo mvua zilikosa. Mimi nilikuwa na ng'ombe wawili, mmoja ana ndama, na majani pekee yaliyobaki karibu yalikuwa kwenye bonde dogo katikati ya mapito hayo. Nikamwendea Bura. Nilimwomba nizungushie uzio kile kipande kwa msimu mmoja, yeye apitishe ng'ombe wake korongoni mpaka mvua zirudi. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

"Msimu mmoja, shemeji?"

"Mmoja."

"Basi weka nguzo kavu."

"Kavu zitaliwa na mchwa."

"Ndiyo," akasema. "Ziliwe."

Hilo ndilo sharti alilonipa, hakuongeza jingine. Alininyang'anya hata nafasi ya kumshukuru, maana aliniambia nisimame pembeni, namzibia mwanga.

Nguzo kavu maana yake ni kazi. Unatafuta mzeituni pori uliokufa wenyewe, unaupasua, unachoma ncha motoni mpaka ziwe nyeusi, ndipo unachimbia. Kwa mtu mmoja ni wiki mbili. Mimi nilikuwa na siku tatu kabla ya safari ya kazi. Na pale korongoni ilijaa ile miti ambayo Wamaasai huiita osilalei, laini kukata, na tawi lake ukilichimbia likiwa bichi linashika mizizi hata usipolimwagilia. Nikakata matawi sitini na manne. Nikayachimbia yakiwa na magome yake, kina cha mkono hadi kiwiko, nikashindilia udongo, nikafunga fito. Siku mbili zikatosha, na ya tatu nikapumzika.

Baadaye watu waliponiuliza nilikuwa na jibu. Nilisema mimi ni mtoto wa kambini, huko nguzo zilikuja na trekta, nitajuaje habari za mti mbichi na mkavu? Jibu hilo lilikubalika. Hata mama yako alilikubali kwa muda.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kijiji kimoja upande wa Mbulu, nilikaa siku nzima kwenye shauri la ardhi. Mashahidi walibishana mpaka saa nane. Hatimaye wazee watatu wakaenda kwenye miti ya mpakani wenyewe, wakawa wanakwangua magome kwa kisu, mti mmoja baada ya mwingine. Walipokuta kibichi ndani wakasema hapa kuna mwenyewe. Walipokuta pakavu wakasema huyu alikuwa mpita njia. Shauri likaisha. Daftari la siku hiyo ninalo, nimelitoa leo asubuhi kuhakikisha. Nimeandika kwa mwandiko wangu: "Mbichi = amekaa. Kavu = atahama." Nimelipigia mstari.

Kwa hiyo nilijua. Bura aliposema kavu nilielewa anachosema, na alijua nimeelewa. Nilipokuwa nachimbia lile tawi la kwanza nilijiambia ni kwa sababu ya haraka. Nilipofika la kumi hivi nilikuwa nimeacha kujiambia chochote. Nilikuwa na eka tatu, Paulina, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wangu kulikuwa na mahali ambapo ningeweza kusema pangu panaanzia hapa. Nikataka paanzie hatua ishirini mbele. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Mvua zilirudi Novemba. Mama yako ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Paulina, nguzo zako zimeota majani."

"Nitazitoa wiki ijayo."

"Zitoe leo. Leo zinatoka kwa mkono mmoja."

Siku ya pili yake nikaitwa Arusha kwa kazi. Niliporudi baada ya wiki mbili nilijaribu moja, ile ya kona, na mkono mmoja haukutosha. Ningeweza kutumia miwili. Niliingia ndani nikanywa chai.

Kisha nikafanya jambo ambalo bado linaniunguza masikio. Mhariri alikuwa anataka habari fupi za kilimo, za kuwatia watu moyo baada ya ukame. Nikaandika kwamba mkulima mmoja wa Endamarariek amefanikiwa kuzungushia malisho yake ua hai kwa gharama ndogo, na kwamba wengine waige. Ikachapishwa. Bura hasomi, lakini alisomewa. Akaja hapa na gazeti amelikunja kwapani.

"Shemeji, huyu mkulima mmoja anayesifiwa humu, mimi namfahamu?"

"Aa, huyo ni mfano tu."

"Mfano. Ana ng'ombe wangapi huyu mfano?"

"Sikuandika ng'ombe wangapi."

"Nilifikiri labda ana wawili, mmoja ana ndama."

Akacheka, nami nikacheka. Aliacha gazeti mezani akaondoka. Tulikaa muda mrefu sana bila kucheka pamoja tena.

Yaliyofuata uliyaona, ila hukuyaunganisha. Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Ng'ombe wa Bura walikuwa bado wanashuka korongoni, msimu wa pili sasa, na masika yale yalikuwa makali. Yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, aliyekuwa na mimba kubwa, aliteleza pale kwenye mwamba akavunjika mguu wa mbele. Bura aliteremka kumtoa. Jiwe likabiringika chini ya mguu wake, naye akaumia goti. Fimbo unayomwona nayo aliikata wiki ile, na hajaiacha tangu siku hiyo. Wewe ulikuwa unafikiri ni uzee. Bura wakati ule hakuwa na nywele nyeupe hata moja.

Ng'ombe akachinjwa. Jioni ile wewe ulikuwa umekwenda kucheza kwao, ukarudi na sinia kichwani, limefunikwa kwa jani la mgomba. Ulisimama mlangoni umejaa fahari kwa kuwa hukuliangusha njia nzima.

"Mjomba amesema hizi mbavu ni za kwetu."

Jirani akichinja, jirani hupelekewa. Bura hakuona sababu ya kuacha desturi kwa ajili yangu. Mama yako alipika, akatupakulia mimi na wewe, yeye akala ugali kwa mlenda. Mimi nilikula. Ilikuwa nyama nzuri, nakumbuka mpaka leo, na nakumbuka kwamba niliongeza.

Baada ya hapo nikajenga malango. Yale mawili, la juu na la chini, ambalo wewe ulizoea kuliita lango bovu na kulipanda kama farasi. Halikuwa bovu nilipolitengeneza. Nilitumia siku nne. Nilichonga mbao tano kwa kila lango, nikaweka moja ya mshazari kuzuia lisilegee, nikalitundika kwenye nguzo kwa pete za waya mnene ili lizunguke bila kukwaruza. Ukilisukuma kwa kidole linafunguka lote. Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile kwa mikono yangu, na nilidhani kwamba kwa kuwa ni kizuri, basi ni cha haki pia. Nikamwendea Bura nikamwambia apite, malango yako wazi kwake wakati wowote, aniite tu au afungue mwenyewe.

Alikuwa amekaa na goti amelinyoosha juu ya kigoda.

"Nipite wapi?"

"Kwenye lango."

"Kwenye njia ya ng'ombe kuna lango?"

"Nimeweka, shemeji. Kwa ajili yako."

Akafikiri kidogo. "Mimi hodi naijua," akasema. "Shida ni ng'ombe. Niwafundishe kubisha hodi? Huyu mweusi pengine ataweza. Huyu mwingine hana adabu."

Hakupita hata siku moja. Alizoea njia ndefu ya kuzunguka kupitia barabarani, karibu saa nzima kwenda na kurudi, na ameifuata miaka kumi na mitatu kwa goti lile. Umepishana naye mara ngapi barabarani ukienda shule, ukamwamkia, naye akakuuliza habari za masomo? Ndiko alikokuwa anatoka.

Malango nayo yakajifunga. Sababu yake nimeigundua leo nikiwa na shoka mkononi, nikacheka peke yangu. Nguzo iliyo hai inanenepa. Zile pete za waya nilizozisifia, mti ulikua mpaka ukazijaa, kisha ukaanza kuzimeza. Gome limezifunika kabisa. Unaona lango linaingia ndani ya mti na huoni linaposhikia. Mwaka wa tatu lilikuwa halifunguki hata kwa watu wawili. Nilikuwa nikimwambia mama yako nitalirekebisha, kana kwamba ubovu ulikuwa wa lango.

Unakwenda kazini ambako watu watakuuliza ua upite wapi. Josho likijengwa, wewe ndiye utakayesimama na karatasi na kusema hapa zizi la kusubiria, hapa ujia wa kuingilia, hapa lango. Mambo ya vipimo umesoma kuliko mimi. Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujaonyesha mahali kwa kalamu, tembea na ng'ombe siku moja nzima, kutoka zizini mpaka majini na kurudi, na uone wanaposimama bila kusimamishwa. Bwana mmoja wa miradi niliyewahi kuandamana naye huko alikuwa hodari sana, lakini alichora mchoro wake akiwa amekaa kwenye gari. Nilimcheka kwenye daftari langu. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi sikuwa na gari wala mchoro na bado nilifanya vibaya zaidi yake, kwa kuwa mimi njia nilikuwa naijua.

Huko huko Olbalbal niliwahi kumwona mama mmoja akifunga boma jioni. Lango lao ni tawi kubwa la miiba, unajua. Analivuta kwa shina, shina likabaki ndani na miiba yote ikatazama nje. Nikamuuliza kwa nini shina lisikae nje, si ingekuwa rahisi kwa anayekuja kufungua? Alinitazama kwa huruma kabisa. "Wewe huwa unalala nje?" akaniuliza. Nililiandika hilo kama kichekesho. Baadaye nikaliona vingine. Yule mama alijua lango lake analifungia nani na analifungulia nani. Mimi nilimwekea Bura lango kwenye njia yake mwenyewe, na shina nikalishika mimi, nikasubiri anishukuru.

Na jambo lingine, dogo. Ukiulizwa kitu kilianza lini, na wewe ulikikuta, sema sijui. Ni jibu zuri sana na watu wanaliogopa bure. Jumapili ungesema hujui, katibu angenigeukia mimi, na ningelazimika kujibu. Sikulaumu. Nakwambia tu kwa sababu huko utaulizwa na watu wengi wenye daftari, na neno la mwenye elimu huandikwa upesi kuliko la mwenye fimbo.

Leo asubuhi, baada ya kukamua, nilikwenda kwa Bura. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilimkuta anakuna mgongo wa ndama kwa kijiti. Nikasema, "Shemeji, nimekuja kwa habari ya zile nguzo."

"Nguzo zipi? Mimi naona miti."

"Nilijua. Uliposema kavu, nilijua maana yake. Nilijua tangu siku ile."

Akaendelea kumkuna ndama. "Hilo nalifahamu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile." Kisha akanitazama. "Miaka kumi na mitano ulikuwa unatafuta maneno haya? Na ndiyo kazi yako. Mtu anayelima ingemchukua muda gani?"

Nikamwambia kwamba Alhamisi nitasimama mbele ya kamati na kueleza. Akauliza kama nitakutaja wewe. Nikasema nitamwomba katibu alikate neno lako na aandike langu. Akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri. Sikutaka kumbishia mtoto mbele za watu." Hiyo ndiyo sababu yake ya kunyamaza Jumapili, Paulina. Alikuwa tayari njia yake iandikwe kwa jina langu kuliko kukuonyesha wewe mwongo mbele ya wajumbe siku chache kabla hujaondoka kwenda kazini.

Sikumwomba msamaha kwa neno hilo. Nilikusudia, lakini alinikatisha. Aliniuliza kama shoka langu lina makali. Nikasema hivyo hivyo. Akaingia ndani akatoa lake.

Tumekuja naye mpaka hapa. Amekaa kwenye kigoda kivulini, mimi nakata, yeye anatoa amri. Miti ya juu nimeimaliza, kumi na moja. Nilitaka kuikata yote, hata ile ya kando ya korongo. Akapiga kelele.

"Hiyo iache!"

"Si umesema njia iwe wazi?"

"Njia iko huku. Huko ni korongo. Unataka nitumbukize mwingine?"

Kwa hiyo safu ya kando ya korongo itabaki. Ilikuwa mahali pazuri pa ua tangu mwanzo. Angeniambia mwaka ule kama ningemuuliza ua ukae wapi. Sikumuuliza hilo. Nilimwomba ardhi.

Tunapoteza kile kipande chote, na majani ya ng'ombe aliyopanda mama yako, na hili banda la ndama nililoliegemea itabidi lihamishwe. Nilimweleza mama yako jana wakati anakukunjia nguo. Nilitegemea atanung'unikia majani. Alikunja gauni moja, akakunja la pili, akasema, "Sasa nitakwenda kwa kaka yangu kwa njia fupi." Basi. Nadhani leo amepika kwa wingi kuliko kawaida, na nilimwona akitoa sahani nne.

Kamati yenyewe sijui itasema nini. Inawezekana katibu akakasirika kwa kuchafuliwa daftari. Inawezekana wajumbe wakanicheka, na kuna mmoja ambaye atalisambaza mpaka Karatu kabla ya saa sita. Mwandishi wa habari aliyesahau kusema lini. Wana haki. Nitawaambia hivi, nimeshaandika: nguzo nilizichimbia mimi, Septemba sabini na nne, kwa ruhusa ya msimu mmoja, na nilipewa sharti nikalivunja nikijua. Maneno hayo yanatosha, nimeyajaribu kwa pumzi moja.

Ukirudi jioni utaniona mikono imejaa utomvu, unanukia kama ubani na hautoki hata kwa sabuni. Usiniulize. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi lako jipya, utaikuta ukifungua sweta. Utakuwa umeshapita lango la hifadhi pale Lodoare, maana mama yako ana hakika baridi inaanzia pale pale na si hatua moja kabla.

Bura ananiita. Upande wa chini imebaki miti saba, na anataka iishe kabla ya kukamua, kwa sababu kesho asubuhi anateremsha ng'ombe. Amesema atawatoa mapema, wakati lori lako linapita pale juu ya shamba. Hakusema ni kwa ajili yako. Amesema ni kwa ajili ya umande.

Mimi siandiki habari kabla haijatokea. Kesho nitakuwa nimesimama chini mtoni, na sitaona juu. Wewe utakuwa juu ya lori, upande wa kushoto unaonekana wote. Kwa hiyo hii niandikie wewe, barua yako ya kwanza kutoka Olbalbal, kabla ya habari za afya na za kazi. Niambie ilikuwa saa ngapi, walikuwa ng'ombe wangapi, nani alitangulia. Na uniambie kama kuna aliyesimama pale lango lilipokuwa akabisha hodi.

Baba yako